Bembea, mchanga, maboksi, bustani au kujificha: mtoto mdogo acheze nini nje ili ajifunze?

Ukiuliza mtoto mdogo acheze nini nje ili ajifunze huku anafurahi, utapewa orodha ya michezo hamsini, yote mizuri, na bado hujui uanze na upi. Hapa sitoi orodha, nalinganisha. Nimechukua aina tano ambazo karibu kila mzazi au mwalimu wa chekechea anaweza kuzifikia: vifaa vya uwanjani yaani bembea, mtelezo na vile vyuma vya kupanda, halafu mchanga na maji, halafu vitu vya kuokoteza kama maboksi na mbao, halafu bustani pamoja na kusaka vitu, na mwisho gemu zenye kanuni kama kujificha na kukimbizana. Naongelea watoto wa kama miaka 2 hadi 7 hivi, wakubwa wana mambo yao.

Kipimo changu ni kimoja na nitakirudia mpaka mnichoke: kwenye huo mchezo nani anaamua? Maana mtoto anajifunza pale anapoamua kitu, anaona kilichotokea, halafu anaamua tena tofauti. Kama kila kitu kilishaamuliwa na fundi aliyechomelea bembea, au na mtu mzima aliyeshika karatasi ya maswali, mtoto atatoka jasho na atacheka ila kichwa kitakuwa kimepumzika. Sisemi kupumzika ni vibaya, nasema tu tujue tunachagua nini.

Kabla sijaanza, suala la muda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 awe na angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kwa siku, zikigawanyika siku nzima, na wale wa miaka 3 na 4 angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhema kweli kweli. Skrini kwa wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1, na ikipungua ndo vizuri zaidi. Sasa dakika 180 ni nyingi jamani, huwezi kuzijaza kwa bembea peke yake, kwa hiyo hata ukishachagua mchezo wako wa kwanza utahitaji wa pili. Na kuna faida ya kuwa nje tu, hata mtoto asipojifunza herufi moja: jijini Guangzhou, China, watafiti waliongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, na baada ya miaka 3 waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa karibu asilimia 30, wakati kwenye shule ambazo hazikuongezewa muda ilikuwa karibu asilimia 40. Utafiti huo ulichapishwa 2015. Hapo hatuongelei mchezo gani, tunaongelea kuwa nje tu.

Bembea na mtelezo, au mchanga na maji?

Tuanze na hivi viwili kwa sababu ndo vinavyoshindana kwenye viwanja vingi, na kwa sababu mtu akiwa na hela au eneo kidogo swali lake la kwanza huwa ni hilo.

Vifaa vya uwanjani nguvu yake ipo kwenye mwili. Kupanda, kuning'inia kwa mikono, kujirusha kwenye bembea, vyote vinajenga mabega, viganja na uwezo wa mwili kukaa sawa bila kuyumba. Watu wanadharau hili. Mtoto mwenye mabega legelege akikaa kuandika anachoka haraka, analala juu ya meza, anashika penseli kama anaikaba, na sisi tunamwongezea daftari la mazoezi wakati pengine alihitaji vyuma vya kupanda. Halafu furaha ni ya papo kwa hapo, hakuna haja ya kumwelekeza mtu namna ya kucheza bembea.

Ila rudi kwenye kipimo. Kwenye bembea mtoto anaamua spidi, basi. Kwenye mtelezo anaamua ashuke kwa makalio au kwa tumbo. Vikiisha hivyo vimeisha, ndo maana unakuta mtoto wa miaka 5 anaanza kuupanda mtelezo kwa kinyume na watu wazima wote wanamfokea kwa pamoja. Kama hakuna mwenzake anayeshuka mi naona mwacheni, anatafuta kigumu zaidi, na anagundua mwenyewe kwamba peku unashika na soksi zinateleza, ambayo ni sayansi kabisa.

Mchanga na maji ni habari nyingine. Chukua beseni la maji, kikombe kifupi kipana na chupa nyembamba ndefu. Mtoto wa miaka 4 ukimimina mbele ya macho yake maji yale yale kutoka kwenye kikombe kwenda kwenye chupa, atakwambia sasa yamekuwa mengi. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, ndo aliyefanya jaribio hili lijulikane, na kwa kawaida watoto wanakuja kukubali kwamba maji ni yale yale wakikaribia miaka 7. Ukimwambia "hapana, ni sawa" hajifunzi kitu, ataitikia tu ili muendelee. Mwachie vyombo. Atamimina, yatafurika, atanyamaza kidogo akiangalia, atarudisha, atajaribu kopo jingine, halafu utasikia anasema peke yake "hili kopo lina njaa". Hapo ndo hesabu inaingia: imejaa, nusu, bado kidogo, nzito, nyepesi, mara mbili. Mchanga nao una siri yake, mkavu unamiminika kama maji, ukiloa kiasi unasimama, ukiloa sana unaporomoka, na mtoto anayejenga mnara atautafuta ule unyevu wa katikati bila kufundishwa na mtu.

Gharama ya mchanga na maji ni uchafu na macho yako. Kwenye maji sitanii: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, na kuzama huwa ni kimya, hakuna kelele wala kurusha mikono kama kwenye filamu. Kwa hiyo uwe umbali wa mkono wako kumfikia, simu mfukoni, na mkimaliza beseni limwagwe hapo hapo, sio baadaye. Mchanga ufunikwe usiku maana paka wanaupenda kuliko watoto. Kanuni moja inatosha: mchanga haurushwi juu ya kiuno.

Bembea na mtelezo navyo vina hatari zake ambazo wengi hawazijui. Ile ya mzazi kumpakata mtoto mapajani washuke pamoja kwenye mtelezo inaonekana ni upendo na usalama, kumbe ni moja ya njia za mtoto kuvunjika mguu, kwa sababu kiatu kikinasa pembeni uzito wa mtu mzima unaendelea kushuka. Kama hawezi kushuka peke yake, bado hajafikia mtelezo huo. Gusa mtelezo kwa kiganja kabla hajakaa kama jua limewaka, na vua nguo zenye kamba shingoni, zinanasa.

Uamuzi wangu hapa ni rahisi. Mtoto aliyekaa ndani siku nzima aanze na bembea na kupanda mpaka ahemee juu juu, halafu aende kwenye mchanga akiwa ametulia, ataukalia muda mrefu ajabu. Ila ukilazimika kununua au kutengeneza kimoja tu, na unachotaka ni kujifunza, chukua mchanga na maji. Bembea atazikuta sehemu nyingine.

Vitu vya kuokoteza

Maboksi, mbao fupi, matairi, vitambaa, makopo, vijiti, kokoto, vifuniko. Kwa kipimo cha nani anaamua hii ndo inaongoza, na haijaanza leo. Mwaka 1943, Denmark ikiwa bado imekaliwa na Wajerumani, mbunifu wa bustani Carl Theodor Sørensen alikuwa ameshagundua kwamba watoto wanapenda kuchezea kwenye maeneo ya ujenzi na chakavu kuliko viwanja alivyowabunia yeye mwenyewe, ukafunguliwa uwanja pale Emdrup, Copenhagen, ambao watoto walipewa mabaki ya vifaa wakajenga wanachotaka. Baadaye mwaka 1971 msanii Mwingereza Simon Nicholson akaandika hoja ambayo walimu wa watoto wadogo wanaitumia mpaka leo: kadiri mahali panavyokuwa na vitu vingi vinavyoweza kuhamishwa na kubadilishwa, ndivyo ubunifu na ugunduzi unavyoongezeka.

Mfano wa karibu. Watoto wawili, ubao mmoja. Mmoja anataka daraja, mwenzake anataka mtelezo wa magari. Wanavutana kidogo, mwenye daraja anaweka tairi upande mmoja, ubao unalala mshazari, wa magari anapiga kelele "ewaaa" maana kapata alichotaka kwa bahati, wanashusha kifuniko cha kopo kinabiringika, wanaongeza tairi la pili kinaenda mbali zaidi, la tatu ubao unaanguka. Hakuna mtu mzima aliyesema neno, na wameshagusa mteremko, spidi, umbali na kujadiliana. Jaribu kufundisha hivyo vyote ubaoni kwa mtoto wa miaka 5 uone.

Tatizo lake? Panaonekana pachafu. Mkuu wa shule au mgeni akipita ataona takataka, na utatumia nguvu kujieleza. Misumari na vibanzi vikaguliwe kila mara, sio siku ya kwanza tu. Unahitaji kontena au kona ya kuvihifadhi. Na kuna watoto, hasa waliozoea midoli ya kubonyeza kitufe ikaimba, watasimama katikati ya maboksi na kukuuliza "nifanye nini?" Usimjibu haraka. Ubunifu unaanzia kwenye kukosa la kufanya, mpe muda, atakaa, atalalamika, halafu ataingia ndani ya boksi.

Umri una maana sana hapa. Mildred Parten, mtafiti wa michezo ya watoto, alieleza mwaka 1932 namna watoto wanavyosogea taratibu kutoka kucheza peke yao, kwenda kucheza sambamba na mwenzake bila kushirikiana, mpaka kucheza pamoja wakiwa na lengo moja. Kwa hiyo wa miaka 2 wakikaa kila mtu na kopo lake bila kuongea, hawana ugomvi wala hawana tatizo, ndo wanacheza hivyo. Kwa hao weka makopo yanayofanana ya kutosha kila mtu, habari ya "mpe na mwenzako" iache kwanza. Kuanzia miaka 4 hivi unaweza kupunguza makusudi, ubao mmoja kwa wawili, ili wajadiliane.

Bustani au kusaka vitu?

Zote ni za mazingira, ila moja ni ya wiki nyingi na nyingine unaiandaa ukiwa umesimama mlangoni.

Bustani kwa watoto ni wazo la zamani. Friedrich Froebel aliyeanzisha taasisi yake ya watoto wadogo huko Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliona kila mtoto awe na kitalu chake kidogo pamoja na eneo la wote. Mwaka 1914 Rachel na Margaret McMillan, mtu na dada yake, walifungua shule yao ya watoto wadogo huko Deptford, London, ambako mafunzo, mchezo na hata usingizi wa mchana vilikuwa kwenye hewa ya wazi, bustani ikiwa sehemu ya shule yenyewe. Kinachofundishwa na bustani ni subira, mpangilio wa mambo, kipimo, na kwamba kitu kilicho hai hakifuati amri yako. Yaani hapa hata mtoto haamui, unaamua mmea. Na hilo ni somo zuri ila ni gumu kwa wa miaka 3, ambaye leo kapanda na kesho anafukua kuangalia kama imeota.

Dawa yake sio kumkataza. Panda mbegu ya maharage ardhini, na nyingine iweke kwenye glasi angavu ikibanwa na karatasi mbichi ukutani mwa glasi, hiyo ataichungulia anavyotaka. Kwa kama wiki moja utaona mzizi unatangulia kwenda chini kabla shina halijapanda, na mtoto ataona kwa macho kitu ambacho ardhi inamficha. Alizeti ni nzuri kwa kupima urefu: pima kwa uzi kila siku fulani, kata, bandika nyuzi zikifuatana, hapo mmetengeneza chati bila kutaja neno chati. Kama mmea wa mtu umekufa mwache auone umekufa, usiubadilishe usiku kwa siri. Tena makopo mawili, moja linamwagiliwa moja halimwagiliwi, ni jaribio tosha kwa darasa zima.

Kusaka vitu ni haraka. Kosa la kawaida ni kuwapa orodha ya majina: jani, jiwe, ua. Wanakimbia wanaleta, imeisha, dakika mbili. Waambie sifa badala ya jina: leteni kitu laini, kitu kinachotoa sauti ukikitikisa, majani mawili yanayofanana umbo ila sio rangi. Sasa lazima waguse, watikise, walinganishe, wabishane. Wakisharudi, mtoto mmoja apange vitu kwenye mafungu kwa siri yake, nyie wengine mkisie amepanga kwa kigezo gani. Utadhani kwa rangi, kumbe ni vilivyookotwa chini ya mti na vilivyookotwa kwenye jua. Mi hii naipenda kuliko zote za kusaka, maana mtoto ndo mwenye jibu na mtu mzima ndo anayehangaika.

Na hapa ndo mahali pazuri pa kuhesabu. Kuhesabu kwa kuimba mpaka 20 ni kukariri wimbo. Wanasaikolojia Rochel Gelman na Charles Gallistel, waliochapisha kazi yao mwaka 1978, walionyesha kwamba kuhesabu kunahitaji mambo kadhaa yashikane: kila kitu kipate namba moja tu, namba zifuate mpangilio ule ule, na namba ya mwisho ndo iwe idadi ya vyote. Pima mwenyewe: mwambie mtoto anayeimba hadi 20 "nipe mawe manne". Wengi wa miaka 3 watakupa kiganja kizima. Basi mawe yahamishwe moja moja kutoka fungu moja kwenda jingine huku anahesabu, mkono ukienda na namba. Jiwe halirudiwi mara mbili kwa sababu limeshahama, na hicho ndo karatasi ya picha haiwezi kumpa.

Chagua bustani kama unakutana na watoto wale wale kila siku na kuna mtu wa kumwagilia siku za mapumziko. Kama ni mzazi wa jioni na wikendi, au huna eneo lako, nenda na kusaka. Kwa zote mbili kanuni ni tunaangalia, tunagusa kwa ruhusa, hatuweki mdomoni, na mmea usioujua uwe kama umepigwa marufuku.

Gemu zenye kanuni

Kujificha, kukimbizana, simama-nenda, "kiongozi anasema", kuruka kamba, viboksi vya chaki. Hapa anayeamua ni makubaliano, na faida yake kubwa ni mtoto kujizuia: asubiri zamu, akumbuke kanuni, asiende wakati mwili unataka kwenda. Hiyo ndo inamsaidia akikaa darasani kuliko kujua herufi mapema, kwa maoni yangu. Jaribu "kiongozi anasema" ya kinyume, nikisema gusa kichwa unagusa vidole vya miguu. Watafiti wanatumia zoezi la aina hiyo hiyo kupima uwezo wa watoto kujidhibiti, na watoto wenyewe wanaona ni kichekesho tu.

Chini ya miaka 4 kanuni hazishiki. Wa miaka 3 anajificha kwa kufumba macho, halafu ukimtafuta anaita "nipo hapaaa!" Mwache, kwake raha ni kupatikana. Usianze kumfundisha kanuni, ataifuata tu baadaye.

Kitu kimoja ambacho ningekifuta kwenye hizi gemu ni ile ya aliyekosea anatoka nje anakaa. Fikiria: anayetoka wa kwanza ndo yule asiyeweza kujizuia, au mzito, au mdogo, yaani anayehitaji mazoezi kuliko wote ndo anayekaa muda mrefu kuliko wote akichora mchanga kwa kidole. Badilisha, aliyekosea awe ndo anayetoa amri raundi inayofuata. Mchezo unaendelea na hakuna anayelia. Na wakifika miaka 6 waacheni wabadilishe kanuni wenyewe, mabishano yatakuwa mengi kuliko mchezo, na usiingilie mpaka mtu ashike jiwe.

Kuhusu viboksi vya chaki vyenye herufi na namba, najua vinapendwa sana mitandaoni. Ni vizuri, kuruka kwenye herufi kunakumbukwa, ila mara nyingi vinageuka mtihani wa kusimama. Kama mtu mzima ndo anayechora, anayetaja na anayesahihisha, hapo mtoto ameachiwa kuruka tu. Mpe chaki achore mwenyewe, hata kama 3 imeangalia upande mwingine.

Umwache huru au umwongoze?

Hili linakata kote nilikopita. Kuna kumwacha huru kabisa, kuna kuandaa mahali kwa makusudi halafu mtoto akaongoza, na kuna kuhamishia darasa nje, mtoto kakaa kwenye mkeka anaitikia kwaya. Hiyo ya tatu hata usiite mchezo. Kati ya mbili za kwanza, mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky alituachia wazo kwamba kuna mambo mtoto hawezi bado peke yake ila anaweza akisaidiwa kidogo, na hapo katikati ndo pana faida. Kwa hiyo huru iwe ndo sehemu kubwa ya muda, na kuongoza kuje kwa kijiko: unaweka makopo ya saizi tofauti pale kwenye maji, unauliza swali moja, unanyamaza.

Swali lenyewe lichague vizuri. "Hii rangi gani? Hizi ngapi?" ni maswali ambayo jibu unalo tayari na mtoto anajua unalo, akiulizwa mfululizo anahama kona. "Ungefanyaje ili usianguke?" au "mbona hili limeelea na lile limezama?" hujui atasema nini, na yeye analisikia hilo kwenye sauti yako. Akikujibu uongo wa kisayansi, mfano limezama kwa sababu limechoka, sema "haya tujaribu jingine lililochoka tuone".

Hali ambazo hazifuati mstari

Huna uwanja. Basi maji kwenye beseni mlangoni na kusaka vitu njiani mkitembea, bustani iwe kopo dirishani. Maboksi nayo yanakunjika.

Kundi kubwa na mtu mzima mmoja: acha maji kabisa, sijali ni ya kielimu kiasi gani. Mchanga, maboksi na gemu za simama-nenda zinatosha, na ukipata wa pili ndo mrudishe maji.

Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza kuchuchumaa, mchanga na maji ndo unabadilika kirahisi kuliko zote, unapandisha karai juu ya meza ambayo magoti yanapita chini yake, na wenzake wanamfuata hapo juu badala ya yeye kuwaangalia wakiwa chini. Asiyeona vizuri atafaidi kusaka kwa kugusa na kwa sauti, na hapo wanaoona wafunikwe macho wacheze kwa kanuni zake.

Mvua kidogo bila radi sio sababu ya kufuta, mchanga wa mvua ni bora kuliko wa kumwagilia. Andaa nguo za kubadili na taulo. Ukisikia radi ingieni ndani, subirini angalau dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Na yule asiyetaka kuchafuka kabisa, anayekunja vidole akiona tope: usimshike mkono ukauzamisha, utampoteza mwezi mzima. Mpe kijiko kirefu na beseni la mchanga mkavu, kitambaa cha kujifutia awe nacho yeye mwenyewe pembeni, na mkae naye watoto wengine wakiwa mbali kidogo. Kijiko kitaanza kushikwa chini zaidi, na zaidi, mpaka siku moja kidole kinagusa mchanga kwa bahati mbaya. Akijifuta, mwache ajifute, na usiseme lolote.